Mkataba wa Mkopo Uandikwe kwa Kiswahili

Kitenzi "wezesha" kimenyambuliwa kutokana na "weza" na maana yake ni kumfanya mtu aweze. Siku hizi takriban kila shirika la mikopo midogo midogo hutangaza kwamba linawawezesha wanawake. Nami, kama mwanaisimu, nauliza: waweze nini?

Siipingi mikopo hiyo, la hasha! Wanawake wengi walikosa mikopo ya benki kwa sababu hatimiliki za mashamba zilikuwa na majina ya waume au baba wakwe zao. Grameen Bank ya Bangladesh, iliyopata hadhi ya benki mwaka wa 1983, ilionyesha kwamba maskini wasio na hati wanaweza kukopeshwa kupitia vikundi. Utaratibu huo umeenea kote nchini Kenya. Hata hivyo, mwanachama mmoja akishindwa kulipa, mara nyingi wenzake hulazimika kumlipia, na jirani hugeuka kuwa mdai.

Basi inafaa kila mmoja aelewe anachokitilia sahihi. Kwa bahati mbaya, mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Chukua mfano wa mama mboga anayekopa Sh20,000 kwa riba ya asilimia 20, ambayo inahesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho wa mwaka. Atalipa Sh2,000 kila mwezi, jumla Sh24,000. Lakini deni hupungua kila mwezi, ilhali riba haipungui. Riba hiyo ikihesabiwa kwa salio la deni, ni takriban asilimia 35 kwa mwaka. Je, nani amemweleza hayo kwa lugha anayoielewa?

Walimu wenzangu, hapa tuna kazi. Mwalimu wa hisabati awafunze wanafunzi kulinganisha riba za namna hizo mbili. Mwalimu wa Kiswahili awape zoezi la kufasiri mkataba wa mkopo. Nanyi wanafunzi, wasomeeni mama zenu mikataba kabla hawajatia sahihi. Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopaji aliyeelewa masharti anaweza kukubali, kujadiliana au kukataa. Huko ndiko kuwezeshwa.