Ukuta wa Joto Umepata Ufa

Anayenunua chungwa kwenye kibanda cha Mukuru kwa Njenga aghalabu huuliza bei, wala haulizi lilikotoka. Katika msongamano ule wa nyumba hamna nafasi ya kupandia michungwa. Wakazi hutegemea mashamba ya mbali, yakiwamo ya Makueni, ya pwani yetu na ya Muheza nchini Tanzania. Kwa hivyo, maradhi yanayoikumba michungwa ya huko hatimaye humfikia mama wa Mukuru mfukoni mwake.

Kwa miaka mingi adui aliyejulikana ni mdudu mdogo, Trioza erytreae, ambaye neno la pili la jina lake lina maana ya "wa Eritrea". Hutaga mayai kwenye majani machanga, na watoto wake hufyonza utomvu huku wakiliachia jani vijivimbe. Mdudu huyu hueneza bakteria wanaoziba mishipa inayosafirisha chakula ndani ya mti. Majani hupata mabaka ya manjano, nayo matunda hudumaa, hupinda upande na kuwa machungu. Mti ukishaambukizwa hauna dawa ya kuuponya.

Hata hivyo, mdudu huyo ni mkazi wa nyanda za juu zenye baridi. Joto likizidi nyuzi 32 na hewa ikawa kavu, mayai na watoto wake hukauka na kufa. Hata bakteria wa Kiafrika anaowaeneza hawastahimili joto kali. Hivyo mkulima wa nyanda za chini alilindwa na jua lile lile alilolinung'unikia.

Leo ukuta huo una ufa. Ripoti za kisayansi za mwaka 2016 na 2017 zilithibitisha kwamba mdudu mwingine, Diaphorina citri, mwenye asili ya Asia, ameingia Tanzania na Kenya. Huyu hustawi penye joto, na bakteria wa Kiasia anaoweza kuwaeneza huvumilia joto kuliko wale wa Kiafrika. Mmoja akimiliki milima na mwingine akimiliki mabonde, mchungwa utakimbilia wapi? Huko Florida, Marekani, mdudu huyu aligunduliwa mwaka 1998 na ugonjwa wenyewe mwaka 2005. Tangu hapo mavuno ya machungwa, yakiandamwa pia na vimbunga, yameshuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa kuwa taaluma yangu ni lugha, naomba nitahadharishe kuhusu jina. Kwa Kiingereza ugonjwa huu uliitwa kwa rangi ya kijani, kwa kuwa tunda la mti mgonjwa hukataa kuiva rangi. Wachina waliuita kwa umanjano wa machipukizi. Sisi tukitafsiri jina la Kiingereza kikasuku, tutawapotosha watu wetu. Chungwa la nyanda za joto hubaki kijani hata likiwa limeiva na kujaa utamu, kwa sababu usiku wa huko hauna baridi ya kuligeuza rangi. Muuzaji wa Mukuru atadhani tunalilaani chungwa zuri, na mkulima wa pwani atauona ugonjwa mahali usipokuwapo. Afadhali jina letu litokane na mabaka ya jani na upogo wa tunda.

Walimu wa sayansi na wa Kiswahili wanaweza kulifanya somo hili kwa pamoja. Wanafunzi na walikate chungwa katikati, watazame kama limepinda upande na kama mbegu zake zimesinyaa. Hizo ni dalili tu, si hukumu. Uthibitisho hutoka maabara. Lakini mtoto aliyezoea kuchunguza ataweza kumwambia babu yake aliye shambani la kutazama na la kuripoti kwa KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea nchini.

Tukumbuke pia kwamba mdudu huyu haruki mbali sana kwa mabawa yake. Anayempeleka mbali ni binadamu, anapopakia garini miche na matawi yasiyokaguliwa. Mkulima na anunue miche kwenye vitalu vilivyokaguliwa, na msafiri aache tabia ya kubeba mche kama zawadi. Joto lilitufanyia kazi hiyo ya ulinzi bila malipo. Sasa zamu ni yetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.