Vilele vya Kutazamia Bonde la Douro

Wareno, ambao watu wa pwani yetu wanawakumbuka kwa ngome waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593, wanalo kaskazini mwa nchi yao bonde la mto Douro, utokao Hispania na kumwaga maji yake katika Bahari ya Atlantiki penye mji wa Porto. Jimbo hili la mizabibu ni miongoni mwa ya kwanza duniani kuwekewa mipaka kwa amri ya serikali, kwani mwaka 1756 waziri ajulikanaye kwa jina la Pombal aliamuru lipimwe, kisha zikasimikwa nguzo za mawe kubainisha shamba lililomo na lisilokuwamo.

Abiria wa gari la moshi lifuatalo ukingo wa mto huona maji na kuta za mawe tu. Sura kamili ya nchi haimdhihirikii mpaka apande juu.

Kilele cha São Leonardo da Galafura, karibu na mji wa Peso da Régua, kina kanisa dogo, na mshairi Miguel Torga alikipenda hata akakitungia shairi. Magharibi yake husimama safu ya Marão, izuiayo mvua za baharini, na kwa sababu hiyo bonde hupatwa na hari kali wakati wa kiangazi, hali iifaayo mizabibu kuliko wanadamu.

Ukifuata mto kuelekea mashariki utafika Casal de Loivos, juu ya mji mdogo wa Pinhão, ambako matuta ya mizabibu hupanda daraja juu ya daraja pande zote mbili za mto. Asili ya mlima huo ni mwamba wa shisti. Watu waliuvunja kwa nyundo, mawe wakayajengea kuta, na vifusi vikawa ndio udongo wa kupandia. Hapa na pale bondeni yako matuta yaliyoota vichaka, yaliyoachwa tangu mdudu wa filoksera alipoangamiza mizabibu katika karne ya 19.

Mbele zaidi ni São Salvador do Mundo, ambako wasichana, kwa mila ya kale, hufunga mafundo katika vichaka wakiomba waume. Chini yake ni korongo la Valeira, ambapo mwaka 1861 chombo kilipinduka akafa maji Joseph James Forrester, Mwingereza mfanyabiashara wa divai aliyeuchora mto huu katika ramani. Leo bwawa limeyatuliza maji ya hapo.

Wakati bora ni Septemba, zabibu zikivunwa, na hata asiyeonja divai hatakosa ujira wa safari yake, kwa kuwa UNESCO ililiingiza bonde hili katika urithi wa dunia mwaka 2001 kwa ajili ya kazi ya binadamu iliyomo. Mwenye nafasi ndogo na achague Casal de Loivos, kwani huko kazi hiyo huonekana pasipo kuhitaji mfasiri.