Dhahabu Isiyo Dhahabu

Bibi mmoja msomaji wetu wa Tanga, mwandishi wa hati za Kiarabu, ametuletea swali lililonishughulisha siku nyingi: unga aliouuziwa kwa jina la rangi ya dhahabu, alipoufungua aliuona mweupe mithili ya unga wa muhogo, lakini alipouchanganya na maji ya gundi na kuupaka juu ya karatasi nyeusi, ukang'aa dhahabu, basi dhahabu hiyo imetoka wapi?

Namna ya kuitengeneza sitaieleza kwa urefu, kwani kila fundi anaijua gundi ya mgunga, asali kidogo na kioo cha kusagia; ila namsihi asiusage unga huu kama wazee walivyosaga jani la dhahabu kwa asali ili kuzipamba kurasa za misahafu, bali aukoroge kwa upole. Huu ni magamba ya ulanga, lile jiwe la matabaka lililochimbwa milimani Uluguru tangu zama za Wadachi, yaliyovikwa utando wa oksidi ya titani, na gamba likivunjika mng'ao nao hufifia.

Habari yote imo katika unene wa utando huo, nanomita 60 hadi 80, yaani ukiigawa milimita moja mafungu milioni, utwae mafungu sabini tu. Tuwafikirie ndugu wawili waendao kwa hatua sawa kuielekea nyumba ya mawe ya Unguja: mmoja hurudishwa mlangoni penye nakshi, akabadili mguu kama askari, wa pili huingia ukumbini, akagusa ukuta wa mwisho, ndipo naye akarejea. Watokapo njiani, kupiga kwao mguu pamoja hakutegemei nia yao, bali urefu wa ukumbi ukilinganishwa na urefu wa hatua. Nuru nyeupe ni kaumu ya jozi nyingi za ndugu kama hao, wekundu wenye hatua ndefu, wa samawati wenye hatua fupi. Na ukumbi wetu umepimwa hata wa manjano na wekundu hutoka wakipiga mguu mmoja, nguvu zao zikazidi, hali wa samawati hutoka mmoja akiinua mguu na mwenziwe akishusha, wakabatilishana. Urefushe ukumbi hata nanomita 120 hivi, na samawati ndiyo itakayotamalaki.

Wengi huuita mkutano huu mwingiliano wa mawimbi, nami neno hilo halijapata kuniridhisha, kwani kuingiliana ni kwa watu wakatizanao kauli. Afadhali tuseme mwafaka pale nguvu zinapojumlika, na mtanguo pale zinapotanguana. Maana kanuni aliyoitangaza Thomas Young huko London mwaka 1801 ina pande mbili, nasi tumeipa jina la ugomvi peke yake.

Wala samawati haikupotea: ile iliyozuiwa kurudi ndiyo iliyopenya. Karatasi nyeusi huimeza. Karatasi nyeupe huirudisha, ikachanganyika na dhahabu, weupe ukarejea kama ulivyokuwa chupani. Kwa hiyo bibi yetu na atandaze kwanza wino mweusi, aungoje ukauke barabara, ndipo aandike.