Giaboksi Yenye Klachi Mbili

Yako magari yanayojibadilishia gia kwa klachi mbili. La kwanza kuuzwa lilikuwa Volkswagen Golf R32, mwaka 2003. Klachi moja hushika gia za witiri, yaani 1, 3 na 5. Ya pili hushika za shufwa, yaani 2, 4 na 6. Gari likienda kwa gia ya 2, gia ya 3 huwa imekwisha kuandaliwa.

Mjomba wangu ni fundi, na wakati wa likizo hunifundisha kazi hii. Gari likiletwa linatetemeka, huuliza kwanza: “Ni gia zipi?” Zikiwa za witiri tu, hushuku klachi au shafti ya upande huo, zikiwa za shufwa, vivyo hivyo. Zikiwa zote, hutazama vitu vinavyotumiwa na pande zote mbili: oili, betri na kompyuta ya giaboksi.

Ziko klachi zinazozunguka ndani ya oili, na ziko kavu. Giaboksi ya Golf ile hutaka oili na chujio vipya kila kilomita 60,000. Zilizo kavu huchakaa upesi katika foleni za mjini, kwani huteleza na kupata moto. Klachi mpya ikitiwa, sharti kompyuta ifundishwe upya mahali inapoanza kushika. La sivyo, gari litazidi kutetemeka.

Basi mwenye gari asikubali kununua giaboksi nzima kabla swali la mjomba halijajibiwa. Huenda ubovu ni oili chafu tu, na fedha zake zikaokoka.