Safari Mbili za Mama Kuona Jakaranda



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi akina mama, ambao ndio wapangaji wa safari za nyumba zetu hata pale wanaume tunapojidai kuziongoza, leo nataka kuwasimulia safari mbili. Zote zilianzia Kiriaini, zote zilikwenda Nairobi, na nia yake ilikuwa moja: kumpeleka mama yangu mzazi, ambaye tangu apatwe na kiharusi hutumia kiti cha magurudumu, akaione miti ya jakaranda ikiwa katika maua. Ya kwanza iliharibika, na aliyeiharibu kwa sehemu kubwa ni mimi.

Wengi wenu wa Mombasa, Malindi na Lamu hamjafika Kiriaini. Ni mji mdogo wa kaunti ya Murang'a, karibu na mpaka wa Nyeri, katika njia ya Murang'a mjini kwenda Othaya. Umekaa juu ya migongo ya ardhi inayoteremka kutoka Milima ya Nyandarua; upande wa juu ni chai, upande wa chini ni kahawa, na baina ya mgongo na mgongo pana bonde na mto. Sisi watu wa pwani tumezoea ardhi tambarare. Kule ukiweka chungwa chini utalifuata bondeni. Binti yangu ameolewa huko, na mama alipougua alichagua mwenyewe kwenda kuishi naye, kwa kuwa ndiye mjukuu aliyemlea mikononi mwake.

Hamu ya jakaranda ni ya zamani. Marehemu baba alifanya kazi ya reli Nairobi, na mama alipelekwa huko akiwa mwari, miezi michache baada ya ndoa. Alifika mwezi wa Oktoba. Alikuwa hajaona mji mkubwa kuliko Mombasa, wala hajaona mti usio na jani hata moja ukavaa maua kutoka shina hadi kilele. Rangi yake alitusimulia tangu tukiwa watoto: ni rangi ya ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau.

Mti wenyewe si wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nchi za Argentina na Bolivia, na uliletwa katika miji ya Afrika kuwa pambo la barabara. Pretoria, Afrika Kusini, ni mashuhuri kwa mti huo kuliko hata Nairobi. Katika nchi za kusini ya ikweta, Septemba hadi Novemba ndiyo majira ya machipuko. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na ushei tu, haina machipuko ya kweli, lakini jakaranda imeishika kalenda ya kwao. Baada ya baridi ya Julai na Agosti hupukutisha majani, Septemba huanza kuchanua, na Oktoba hujaa. Kisha huja mvua za vuli zikayaangusha maua. Kule Japani watu hutangaziwa mapema siku ambazo maua ya micheri yatafunguka. Sisi hatutangaziwi na mtu, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza: nilipanga kwa nafasi yangu, wala si kwa mti. Tuliondoka Kiriaini wiki ya kwanza ya Novemba, mvua ikiwa imekwisha tangulia.

Tulipanda matatu. Kiti kikafungwa juu na kikatozwa nauli kama gunia la viazi. Makanga, kijana mwenye nguvu na nia njema, akamshika mama chini ya kwapa, akamnyanyua na kumketisha, huku akisema, "Pole, shosho." Nairobi tukaingia katika mkahawa ambao choo chake kiko ghorofa ya kwanza, na lifti hamna. Tukaenda kwa jirani yake. Hapo choo kiko chini, lakini mlango ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Mama akasema hana haja. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba tangu alfajiri hakunywa hata funda la maji, makusudi, ili asije akahitaji choo. Jua lilipopanda akashikwa na kichwa, na jakaranda tuliziona kupitia dirisha la matatu, nyingi zikiwa zimebakiwa na mashada mawili matatu. Tuliporudi usiku alimwambia binti yangu, "Safari iliyonibakia mimi ni ya jeneza. Msinisumbue tena."

Kwa miezi minane hakutoka nje ya ua.

Nami nilidhani najua sababu. Nilidhani ni choo, na kichwa, na maua yaliyopukutika. Binti yangu, ambaye ana akili kunishinda, hakudhani, aliuliza. Siku moja alipokuwa akimpaka mafuta miguuni akamwambia, "Nyanya, siku ile kilichokuudhi zaidi ni nini?" Mama akanyamaza kitambo, kisha akajibu: "Aliyeniinua hakuniuliza. Na mwanangu, mwalimu wa watu, alimwambia 'mchukue', kama anayeagiza mzigo."

Nilipoambiwa maneno hayo sikuwa na la kujitetea. Nimefundisha watu mlango wa stara kwa miaka mingi, na nikamkabidhi mama yangu mikononi mwa mwanamume asiyekuwa maharimu wake pasina hata kumtazama usoni kwanza. Mtu atasema ni dharura, na dharura ina hukumu yake. Ni kweli. Lakini dharura ambayo ungeweza kuiondoa kwa maandalizi ya wiki moja ni uzembe, nao haufai kupewa jina hilo.

Safari ya pili, basi, haikupangwa na mimi. Ilipangwa na mama na binti yangu, kwa daftari na futi ya fundi cherehani, nami nikapewa kazi za mjumbe.

Walianza na kiti chenyewe. Upana wake kutoka gurudumu hadi gurudumu ni sentimita 64. Mlango unaokipokea kiti kama hicho kwa starehe, bila ya msukumaji kuchubua vidole, ni wa sentimita 80 hivi. Mlango wa choo ulioturudisha ulikuwa, nilipokwenda kuupima, sentimita 58. Wakajifunza na hesabu ya mteremko: kwa kila sentimita moja ya kimo cha kizingiti, ubao wa kupandishia unahitaji urefu wa sentimita 12, usije kiti kikarudi nyuma. Kizingiti cha sentimita 15, ambacho sisi tunakivuka bila ya kukihisi, kinataka ubao wa karibu mita mbili. Ubao wa namna hiyo haubebeki mjini. Kwa hiyo walitafuta mahali pasipo na kizingiti, wakaacha kutafuta mbao.

Kisha likaja suala la kuinuliwa. Daktari wa viungo aliwaonyesha namna: kiti cha magurudumu kiwekwe ubavuni mwa kiti cha gari, breki zifungwe, vikanyagio vya miguu viondolewe, na mgonjwa avae kiunoni mkanda mpana wa kitambaa kigumu. Msaidizi hushika mkanda, hashiki mwili, na mwenye kiti husukuma kwa mguu wake ulio mzima. Fundi cherehani wa Kiriaini aliushona mkanda huo kwa turubai, kwa vipimo vya mama. Wasaidizi wakawa wawili, binti yangu na wifi yake, nao walifanya mazoezi uani kwa siku tano mpaka mama mwenyewe akawa ndiye anayehesabu: moja, mbili, tatu. Kuhusu matatu, tuliiacha. Tulikodi gari la familia lenye mlango wa kusukuma pembeni, tukagawana gharama na jamaa wawili waliokuwa na shughuli zao mjini.

Kazi yangu ilikuwa Nairobi. Nilitumwa wiki mbili kabla, nikiwa na futi mfukoni, nione kwanza maua yamefikia wapi, halafu nipime. Nawaambia ukweli, mtu mzima mwenye kanzu na kofia anayepima milango ya vyoo huulizwa maswali mengi. Baadhi ya wenye mikahawa walinicheka. Mmoja alinikaripia. Niliwakumbusha kwa upole kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali na kupanda vyombo vya usafiri wa umma. Na kwamba sheria ya mwaka 2003 ilikwisha waamuru wenye majumba ya umma wayarekebishe, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya juu yake. Hawakuifahamu. Ilinibidi nitembee takriban saa nne ndipo nikapata hoteli yenye choo cha chini, mlango wa sentimita 85 na ubavu wa kutosha kukigeuza kiti. Hapo ndipo pakawa kituo chetu, na mahali pengine pote pakachaguliwa kwa umbali wake na choo hicho. Akina mama mtanielewa bila ya maelezo zaidi.

Bustani ya miti ya Nairobi, ile ya Arboretum iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa kujaribia miti ya kigeni, ina njia kuu pana, lakini ardhi yake inateremka kuelekea Mto Kirichwa Kubwa, na vijia vya ndani ni vya udongo na mizizi. Nilimwandikia binti yangu: juu ndiyo, chini hapana. Bustani ya Jeevanjee iko katikati ya mji. Ilitolewa kwa wananchi mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, Muislamu wa Kibohora mzaliwa wa Karachi, aliyekuwa mkandarasi wa reli, na si mbali na hapo uko Msikiti wa Jamia. Hiyo nikaiandika kuwa ni ya mapumziko na sala.

Tulitoka Kiriaini Jumapili ya pili ya Oktoba baada ya Alfajiri. Kutoka mlangoni hadi barabarani ni mteremko mkali, na kiti kilishushwa kinyumenyume, msukumaji akiwa upande wa chini, kwani kukiteremsha kwa mbele ni kumwaga mtu. Upepo wa tairi tuliupima usiku. Kila nusu saa hivi mama aliegemea upande mmoja kisha wa pili, ili ngozi isishike jeraha kwa kukaliwa. Alikuwa na mto wake na kanga mbili, na chupa ya maji aliyokuwa akiinywa kwa makusudi, akitutazama. Tukapita Murang'a, Kenol, Thika, na kabla ya saa nne ya asubuhi tukawa State House Road, gari chache, jua limetulia.

Nilikuwa nimetazamia atainua uso juu. Hakuinua sana, shingo yake haimruhusu. Aliinamisha macho, akakaa anatazama chini. Barabara, ukingo, majani, vyote vilikuwa vimetandikwa rangi ile, na magurudumu yalipopita yaliacha mistari miwili. Mtu anayesimama huiona dari ya maua, na mwenye kuketi huuona mkeka. Akasema, "Simameni." Akaomba aokotewe. Binti yangu akamjazia mapajani, na nyuki wawili wakaja nayo, tukahamanika sisi, yeye hakutikisika. Nionye tu kwamba maua hayo yakishika maji huteleza. Penye umande tulikwenda polepole, na kwenye lami iliyovimbishwa na mizizi tulimgeuza.

Adhuhuri tulikuwa Jeevanjee. Masafa ya Kiriaini hadi Nairobi yanapita marhala mbili, kwa hiyo tulikusanya Adhuhuri na Alasiri na kuzipunguza. Mama alisali akiwa kitini, breki zimefungwa, amepigwa kanga mabegani. Kwetu Mombasa Kibla ni kaskazini karibu kamili. Nairobi huinama kidogo kuelekea mashariki, na yeye ndiye aliyenisahihisha, kwani baba alimfundisha mwaka ule. Walioulizia habari za magurudumu na tohara nawajibu hivi: kiti ni kama viatu vya mwenyewe, kikipita penye najisi kioshwe, na kwa kuingia kwenye zulia la msikiti, beba kitambaa kibichi cha kufutia tairi, na omba ruhusa kwanza.

Hatukufika Arboretum. Saa nane mama alisema amechoka, na tulikuwa tumekubaliana tangu Kiriaini kwamba neno lake ndilo linalomaliza safari. Mimi nilitaka kusisitiza, kwa kuwa nilikwisha pima. Binti yangu alinitazama, nikanyamaza.

Mvua za vuli zilianza siku kumi baadaye. Kule kwa binti yangu, nyuma ya nyumba, ipo mibuni ya jirani, na mibuni hutoa maua siku chache baada ya mvua njema: meupe, yamepangana kwenye tawi kama asumini iliyotungwa, na harufu yake ni ya asumini hasa. Hayadumu, siku mbili tatu yamekwisha. Binti yangu alinipigia simu asubuhi. Alisema nyanya yake ameamka kwa harufu, ameuliza inatoka wapi, kisha ameitisha futi, maana anataka kujua lango la shamba la jirani lina upana gani.