Utumbo Unaohisi: Namna ya Kufundisha Safari ya Chakula

Safari ya chakula mwilini hufundishwa aghalabu kwa mchoro ubaoni na kukariri majina: kinywa, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Mtoto huyataja yote bila kukosea. Lakini akiulizwa ni nini kinachosukuma chakula, hujibu kwamba chakula huteremka chenyewe kama maji katika bomba. Jibu hilo si sahihi, kwani hata mtu aliyelala chakula chake husogea. Kosa ni letu sisi walimu, tuliomfundisha utumbo kana kwamba ni bomba lisilo na uhai.

Hatuna budi kulielewa jambo hili wenyewe kwanza. Tuchukue mfano wa mtoto wa Mpanda aliyekula ugali kwa maharage. Chakula kilicholainishwa kinapopita utumboni, huusukuma ukuta wa utumbo na kuutanua. Katika utando wa ndani wa ukuta huo zimetawanyika seli maalumu ziitwazo enterokromafini. Seli hizo zina protini iitwayo Piezo2, iliyo kama mlango mdogo. Utando wa seli unapovutwa, mlango hufunguka, chembe zenye chaji ya umeme, kama vile za kalsiamu, huingia ndani, nayo seli hutoa kemikali iitwayo serotonini. Kemikali hiyo huamsha neva zilizo jirani, nazo huamrisha musuli: wa nyuma ya chakula hujikaza, wa mbele hulegea. Huchochea pia utumbo kutoa majimaji. Yafaa ieleweke kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa utumboni, si ubongoni.

Maarifa haya hayakupatikana kwa siku moja. Mwaka 1899 Bayliss na Starling, wa Uingereza, walieleza jinsi utumbo unavyojikaza nyuma ya kitu na kulegea mbele yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Edith Bülbring, huko Oxford, alionyesha kwamba utumbo ukiongezewa shinikizo hutoa serotonini zaidi. Mlango wenyewe haukujulikana hadi mwaka 2010, Ardem Patapoutian na wenzake walipozigundua protini za Piezo huko Marekani. Mwaka 2021 Patapoutian alipata Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius.

Sasa tulipeleke somo darasani. Zana zinapatikana popote mkoani Katavi: mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kiasi cha nusu mita na kuwa wazi pande zote mbili, maji ya sabuni, kitu kidogo cha mviringo kinachopita ndani yake kwa kubana kidogo, na punje chache za maharage.

(a) Lowanisha mpira kwa ndani, tia kile kitu, kisha mtoto mmoja aminye nyuma yake. Darasa litaona kikisogea. Hapo uliza: "Nani aliyejua mahali pa kuminya?" Wape muda wa kufikiri, usiwajibie.

(b) Wapange watoto wanne. Wa kwanza, seli, afumbe macho na kuweka kiganja juu ya mpira. Akihisi uvimbe, atie punje ya haragwe, yaani serotonini, mkononi mwa wa pili, ambaye ni neva. Neva awaguse musuli wawili: aliye nyuma aminye, aliye mbele aachie.

(c) Kila mtoto aandike kwa maneno yake mambo yaliyotokea, kwa mpango wake.

Tahadhari moja yafaa. Tusiwaambie watoto kwamba pasipo serotonini ya seli hizi chakula husimama kabisa, kwa maana neva zilizomo ukutani nazo huhisi kutanuka. Seli na neva husaidiana.

Faida ya somo hili haiishii katika mtihani. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana nayo huhisi inapojaa, ndipo mtoto hunyosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mara nyingi huambiwa asubiri kengele, au hujizuia kwa kuona haya. Akizoea kujizuia, maji ya kinyesi hufyonzwa, kinyesi huwa kigumu, utumbo hutanuka kupita kiasi, na hisia yenyewe hufifia. Hatimaye mtoto hufunga choo na kuumwa tumbo, nasi twamwita mvivu wa kusoma.

Kwa hiyo, mwalimu aliyekwisha kufundisha kwamba utumbo unahisi na kutuma habari hana budi kuiheshimu habari hiyo mtoto anapoileta mbele yake. Mruhusu aende.