Maisha ya Kila Siku ya Katekista Kijana na Mkewe: Kikundi Kinahusika Vipi?



Wengi wetu tunamjua katekista wetu kwa Jumapili tu. Tunamwona amesimama mbele, amevaa shati safi, anaongoza ibada kwa sababu padre ako kigango kingine. Mkewe tunamwona akiimba na mtoto mgongoni. Ibada ikiisha tunawasalimu, tunaenda zetu. Mara hii tutazame siku zile zingine sita. Wanakula nini? Nani analima? Mtoto akiugua wanafanyaje?

Mimi kazi yangu ni kutembelea vikundi, hasa sehemu zetu za ukame za Machakos, Makueni na Kitui. Nimeona mara nyingi katekista kijana akianza kazi kwa moyo, halafu baada ya miaka miwili au mitatu anaacha na kwenda Nairobi kutafuta kibarua. Watu husema, "Imani yake ilipoa." Ukiuliza vizuri nyumbani, unakuta ni njaa na uchovu, na mama wa nyumba ameshindwa kubeba kila kitu peke yake. Hilo ni jambo la maendeleo, na sisi wanakikundi linatuhusu.

KAZI HII ILITOKA WAPI?

Bwana na bibi kufanya kazi ya Kanisa pamoja sio jambo geni. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunasoma juu ya Akila na mkewe Prisila. Walikuwa mafundi wa kushona mahema. Paulo alipofika Korintho alikaa kwao na kufanya kazi pamoja nao, maana naye alikuwa na ufundi huo huo. Wakristo walikusanyika nyumbani mwao, na wote wawili walimfundisha Apolo. Kwa hivyo hawa walifundisha, walipokea wageni, na bado walipata riziki kwa mikono yao.

Karibu na nyakati zetu kuna Peter To Rot wa Papua New Guinea. Alikuwa katekista kijana, akamwoa Paula mwaka 1936. Wakati wa vita, Wajapani waliotawala huko walikataza kazi yake na kuruhusu wanaume kuoa wake wengi. Yeye aliendelea kufundisha na kutetea ndoa ya mke mmoja. Waliua mwili wake mwaka 1945. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 19 Oktoba 2025.

Hapa Afrika Mashariki, maaskofu wa AMECEA waliamua mwaka 1976 kwamba kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwe kazi ya kwanza ya uchungaji. Jumuiya hizo zinahitaji mtu wa kuzizungukia, na mara nyingi mtu huyo ni katekista. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista kwa walei, wanaume na wanawake. Kwa hivyo mahali pengine katekista ni mama, na bwana ndiye msaidizi. Haya tunayoeleza yanawahusu hao pia.

WIKI YAO IKO NAMNA GANI?

Tuchukue mfano wa bwana wa miaka 28 na bibi wa miaka 25, wana watoto wawili na shamba la ekari mbili. Sio watu fulani. Ni mfano tu, lakini wengi wenu mtawatambua.

Jumatatu wako shambani wote wawili. Jumanne bwana anatembelea wagonjwa na wazee. Jumatano kuna mkutano wa halmashauri ya kigango, au anaitwa parokiani, na kwenda na kurudi kwa baiskeli ni siku nzima. Alhamisi jioni ni jumuiya. Ijumaa anatayarisha masomo. Jumamosi anafundisha watoto wa komunyo ya kwanza na wakatekumeni. Jumapili ni ibada, halafu watu wenye shida zao wanamngoja chini ya mti mpaka saa tisa.

Hapo bado hatujataja matanga. Mtu akifa, katekista anatakiwa kwenye maombi kila jioni mpaka siku ya kuzika. Matanga hayaulizi kama mtu ana mbaazi za kuvuna.

Sasa mama. Anaamka saa kumi na moja, anawasha moto, anatayarisha wa shule, anaenda maji. Mtungi mmoja wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Akirudi analima, anapika, anafua. Wageni wa bwana wakifika, anaacha jembe na kuweka sufuria ya chai. Watu kumi wakinywa chai na kula, maji ya mitungi miwili yameisha, na sukari ya wiki nayo imeisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini nani atampa jembe mgeni aliyekuja kuuliza habari za ubatizo?

KALENDA MBILI ZINAGONGANA

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawajalitazama. Kanisa lina kalenda yake na shamba lina yake. Kwetu Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba mpaka Desemba. Kupanda ni mara moja mvua inapoanguka, na palizi huangukia Novemba na Desemba. Wakati huo huo ni Majilio. Katekista ana watoto wa kufundisha, maungamo ya kupanga, na Krismasi ya kutayarisha.

Halafu mvua ya Machi inakuja na Kwaresima. Wakatekumeni wanaongojea kubatizwa Pasaka wanahitaji mafundisho zaidi, na kila Ijumaa kuna Njia ya Msalaba. Kwa hivyo wakati shamba linamwita zaidi, ndio Kanisa nalo linamwita zaidi. Anayebaki na jembe ni mama peke yake, saa ingine akiwa na mimba.

Katika nchi kavu, mbegu ikichelewa mvua huisha mahindi hayajabeba. Nyumba ya katekista inavuna kidogo kuliko jirani, na sio kwa uvivu. Ikifika Agosti wananunua chakula kwa mkopo. Hapo ndipo bwana anaanza kufikiria Nairobi.

JE, HALIPWI?

Wengine huuliza hivyo. Mahali pengi katekista anapata kitu kidogo cha kumsaidia, na mahali pengine anajitolea tu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, namba 231, inasema mlei anayejitoa kwa utumishi wa pekee wa Kanisa ana wajibu wa kupata mafunzo yanayofaa. Inasema pia ana haki ya malipo ya kumwezesha kutunza jamaa yake, pamoja na matunzo ya afya. Kigango maskini hakiwezi kutimiza hayo yote kwa siku moja. Lakini halmashauri inaweza kuanza kwa kuuliza: sisi wenyewe tunaweza nini, na tuombe parokia nini?

Nyumbani nako pesa zinahitaji mpango. Nawashauri vijana hawa mambo manne.

Kwanza, pesa za Kanisa zisilale pamoja na pesa za nyumba. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu, iandikwe kitabuni, wote watie sahihi, na ipelekwe mapema. Ikikaa nyumbani wiki mbili, mtoto ataugua usiku, na shilingi iliyo karibu ndiyo itakayochukuliwa. Kurudisha ni kugumu, na maneno ya watu hayangoji.

Pili, mama ajue kila kitu kinachoingia na kutoka. Keti jioni moja kila wiki, redio imezimwa, mwandike pamoja: tulipata nini, tulitumia nini, wiki hii nani anaenda wapi. Hapo mama anaweza kusema, "Baba watoto, Jumanne usiende, ndengu zitapasukia shambani," na mambo yakapangwa bila ugomvi.

Tatu, mama awe na kitu chake cha kuleta pesa: kuku, mboga za kumwagilia kwa maji yaliyooshea vyombo, au vikapu vya kusuka. Iwe kazi isiyokatika wageni wakija.

Nne, afya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF. Mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba moja. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, kisha hulipa ya mwaka mzima mara moja. Kwa kiwango hicho cha chini ni shilingi 3,600. Ukisema utazitafuta siku ya mwisho hutazipata. Ukiweka shilingi 70 kila wiki, baada ya wiki 52 una shilingi 3,640. Haba na haba hujaza kibaba.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Siombi mwanzishe harambee nyingine. Yafuatayo kikundi chochote kinaweza.

1. Mwethya wa siku mbili kwa msimu. Siku moja ya kupanda na moja ya palizi. Hebu tupige hesabu: watu 15 wakilima saa nne, hizo ni saa 60 za kazi. Mama mmoja akilima saa tano kwa siku, angehitaji siku 12 kuzimaliza. Mvua haingoji siku 12. Na hii sio sadaka ya huruma, kwa maana katekista na mkewe nao watakuja kwenye zamu yako, au mkubaliane watarudisha kwa njia gani. Pangeni tarehe mwezi wa Septemba, mvua isiwakute bado mnazungumza.

2. Mwalikeni mama kama mwanachama kamili. Mara nyingi tunamwita "mke wa katekista" na kumpa kazi ya kufungua mkutano kwa sala. Yeye ana jina lake. Awe na kitabu chake cha akiba, apewe zamu yake, asikilizwe akisema. Na akikosa mkutano kwa sababu ya wageni wa Kanisa, msimtoze faini kabla ya kumsikiliza.

3. Mkienda kwake, mtume habari na mbebe kitu. Ni aibu gani kubeba majani ya chai na sukari, na kila mmoja mtungi wa maji? Jumuiya ikikutana kwake mara kwa mara, mzunguke nyumba zingine.

4. Msimvike kofia zote. Kwa vile anajua kusoma na ni mwaminifu, tunamfanya mwandishi wa kikundi, mweka hazina wa kisima, na mwanakamati wa shule. Mwisho anaanguka, na hesabu zikikosana ni jina la Kanisa linalotajwa. Tafuteni vijana wengine, wafundishwe kuandika hesabu.

5. Mkopo ni mkopo. Tuseme katekista amekopa shilingi 5,000 za kikundi, miezi mitatu imepita. Hakuna anayethubutu kuuliza. Wanaona aibu kumdai mtu aliyewabatizia watoto siku ya hatari. Lakini wanasema kisimani, na wengine nao wanaacha kulipa. Hivyo ndivyo vikundi hufa. Mwenyekiti amwendee yeye na mkewe, kwa heshima, na kitabu mkononi, wapange malipo kama mwanachama mwingine yeyote. Kumheshimu mtu ni kumwambia ukweli mapema.

6. Msimtafute mama kwa siri za watu. Watu humwambia katekista mambo ya ndoa zao. Mama akiulizwa, ajibu kwamba hajui, na sisi tusimuulize mara ya pili. Na bwana akienda kutembelea mama aliye peke yake, aende na mtu wa jumuiya. Hiyo inalinda nyumba zote mbili.

NENO KWA VIJANA WENYEWE

Ndugu katekista, bibi yako hakuahidi kufunga ndoa na kigango. Kuchota maji siku anapoumwa hakupunguzi heshima yako mbele ya wakatekumeni. Wengine watacheka, lakini vijana unaowafundisha habari za ndoa wanatazama zaidi unavyoishi. Chagueni siku moja ambayo ni ya nyumba, mwambie paroko na halmashauri, na watu waijue. Matanga yakitokea siku hiyo, kuwe na msaidizi aliyefundishwa kuongoza maombi.

Dada, ukichoka sema mapema, usingoje mpaka uchungu ujae. Na kama unaweza kufundisha, omba upewe darasa. Prisila naye alifundisha.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Gawanyikeni watu watano watano, kisha mwandike mliyokubaliana.

1. Katekista wetu na jamaa yake walivuna nini msimu uliopita? Kama hatujui, kwa nini hatujui?
2. Ni kazi gani katika kigango chetu zinafanywa na nyumba moja, na zingegawanywa?
3. Sheria zetu za mkopo zinafuatwa sawasawa kwa viongozi wa dini na kwa wengine?
4. Tutafanya mwethya tarehe gani, na nani atawaita watu?

Swali la nne msiliache bila jibu. Andikeni tarehe na jina la mtu.